Cha juu kisicho na mwizi

"Ya kwako au ya serikali?"

Mzee aliniuliza hivyo huku bado anahesabu pakiti za misumari. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimeingia dukani kwake Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuulizia mabati ya geji 28. Nilivaa kanga na kandambili, sikuwa na faili mkononi wala kitambulisho shingoni. Lakini mji wetu ni mdogo na mzee ananijua: mimi ndiye mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi katika taasisi moja ya umma mkoani hapa. Nikamwambia ni ya nyumba ya mama, Kasulu. Akanitajia bei. Nikamwuliza, je, yangekuwa ya serikali? Akanitajia nyingine, shilingi elfu saba juu kwa kila bati. Bati lile lile, rundo lile lile, limeegemea ukuta ule ule.

Nilivuta kigoda nikakaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, nifundishe. Hiyo elfu saba ni ya nani?"

Hakuona haya wala hakuzunguka. Alichana kipande cha boksi la misumari, akachomoa kalamu sikioni, akaandika mistari minne.

Wa kwanza aliandika "mkopo". Mzigo wake anautoa Dar es Salaam kwa fedha ya benki, na riba hailali. Mteja wa mtaani analipa papo hapo, mzee anarudisha fedha kazini. "Nyie mnachukua mzigo leo, mnalipa mkijaliwa." Akahesabu miezi sita ya riba, maana ndivyo alivyowahi kusubiri mara ya mwisho alipouzia ofisi ya umma, akaigawa kwa mabati, ikatoka kama elfu tatu na ushee.

Wa pili, "nenda rudi". Hapo aliweka nauli ya kijana wake, fotokopi za ankara zinazopotea mezani, na siku ambazo kijana hayupo dukani kwa sababu ameambiwa aje kesho, na kesho akaambiwa mhusika yuko safarini Dodoma.

Wa tatu, "makato". Ile asilimia 2 ya kodi inayozuiwa tunapomlipa muuza bidhaa. Kisheria fedha hiyo ni yake, inahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka, ila hati ya makato asipoipata mkononi haimsaidii kitu. Hapo hapo akajumlisha anachompa kijana wa steshenari anayemwingizia zabuni kwenye mfumo, kwa kuwa macho yake hayawezi tena maandishi madogo ya kompyuta.

Wa nne alikawia. Kalamu ilikaa juu ya boksi kwa muda. Kisha akaandika "moyo".

"Hii ni nini, mzee?"

"Hiyo ni ile hofu, mwanangu. Umelala usiku unajiuliza, yule aliyesaini bado yupo? Maana akihamishwa, anakuja mwingine anakuambia hili deni mimi silitambui."

Nilikitazama kile kipande cha boksi kwa muda mrefu. Nilikuwa natafuta mstari wa tano, ule ambao kila mtu mtaani anaujua, wa kumpoza ofisa. Haukuwepo. Mzee hakuwahi kunipa kitu na hajawahi kuniuliza kama nataka. Elfu saba nzima ilikuwa imepanda kwa kila bati, na hakuna mtu yeyote aliyeitia mfukoni.

Tuna neno tunalolitumia wote: cha juu. Mtu akisikia serikali imenunua kitu kwa bei kubwa kuliko ya dukani, jibu liko tayari mdomoni, wameweka cha juu. Na wapo wanaoweka, nisimfiche msomaji. Nimepokea simu nilizopaswa kuzijibu nimesimama. "Huyo ni kijana wetu, mwangalie." Jibu langu ni moja miaka yote: aingie kwenye mfumo, mheshimiwa, ashindane. Nimeshuhudia watu wa kada yangu wakipandishwa kizimbani, na wengine walistahili. Siandiki haya kumtetea mwizi. Ila nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 10, na katika mafaili yaliyopita mikononi mwangu, cha juu kikubwa kuliko vyote ni hiki cha mzee wa Mwanga, kisicho na mwizi. Hakina mtuhumiwa, kwa hiyo hakuna anayekikamata. Mkaguzi anaiona bei, anaandika hoja, sisi tunajibu kwamba ushindani ulifuatwa na aliyeshinda ndiye mwenye bei ya chini. Ni kweli tupu. Wa bei ya chini naye alishapandisha.

Watu wengi hawajui kazi yetu ikoje, na sishangai, kwa sababu haionekani. Wanadhani mkuu wa ununuzi ni mtu anayekwenda dukani na fedha za ofisi. Ningekuwa na uwezo huo ningekuwa mtu hatari. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ile Sura ya 410, pamoja na kanuni zake za 2024, imeigawa kazi makusudi ili mtu mmoja asiweze kuanza na kumaliza. Idara inayohitaji kitu ndiyo inayoleta ombi na maelezo ya kiufundi. Kitengo changu kinaandaa nyaraka na kutangaza. Kamati ya tathmini inapima. Bodi ya Zabuni inaidhinisha. Afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, anatoa notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani la kumpa mshindi mkataba, walioshindwa wanapewa nafasi ya kulalamika, ndipo mkataba unasainiwa. Mzigo ukifika, kamati nyingine inaukagua na kuupokea. Wahasibu wanalipa. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja akikifanya kipande chake kwa utaratibu unaotakiwa, bado taasisi nzima inaweza kuwa mteja mbaya. Hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Hakuna kipengele cha fomu kinachouliza: je, watu wanapenda kutuuzia?

Kigoma hilo linauma zaidi, kwa sababu ya njia.

Mzigo ukitoka Dar es Salaam kwa lori unapita Dodoma, Singida, Nzega, halafu ama unashika Tabora, Urambo, Kaliua na kuvuka Malagarasi hadi Uvinza, ama unapanda kwa Nyakanazi na kuteremka Kakonko, Kibondo, Kasulu. Reli ya kati ipo tangu Wajerumani, zaidi ya kilomita 1,200 hadi stesheni yetu pale juu ya bandari. Ukishafika mjini hujafika. Kaskazini kuna Kagunga, mpakani na Burundi, watu wanakwenda kwa boti. Kusini kuna vijiji vya mwambao wa Uvinza hadi Kalya, huko nyuma ya milima ya Mahale, safari ya usiku kucha majini. Barabara ina msimu wake mbaya, kuanzia Novemba mvua zikishika mpaka Aprili au Mei zinapoisha. Ziwa nalo lina msimu wake, na ni kinyume: barabara zinapokauka, Mei hadi Agosti, ndipo upepo wa kusi unavuma na mawimbi yanaamka. Mtu anayepanga ununuzi wa Kigoma bila kuzijua kalenda hizi mbili anapanga gharama ambayo haijaandikwa popote.

Sasa chukua hizo kalenda mbili uweke juu yake kalenda ya tatu, ya fedha. Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai na unafungwa 30 Juni. Fedha zinakuja kwa mafungu na fungu la mwisho linachelewa. Kila idara inaogopa salio lake kurudi hazina. Kwa hiyo Agosti ukipita ofisini kwangu ni kimya, unasikia feni. Ifikapo Aprili mlango haufungiki. Maombi ya samani, ya matairi, ya shajala, ya ukarabati, yote ya haraka, yote "yalishaidhinishwa na bosi". Wafanyabiashara wanaujua msimu huu vizuri kuliko sisi. Mmoja aliwahi kuniambia bila kunificha kwamba hupandisha bei kuanzia Mei, kwa sababu Juni serikali haiulizi bei, inauliza kama kipo.

Dawa niliyoipata haina ujanja wowote. Agosti ile ile iliyo kimya nazunguka mwenyewe idara kwa idara na kalenda ya ukutani. Nakaa na mkuu wa idara, naanzia 30 Juni, tunarudi nyuma pamoja: siku za malipo, siku za ukaguzi wa mzigo, safari kutoka Dar, notisi, tathmini, tangazo. Tukifika mwisho anagundua kwamba kitu anachotaka kukitumia Machi ilibidi akiombe Oktoba. Mwaka wa kwanza walinichukia. Mkuu mmoja wa idara aliniambia mimi si mwalimu wake wa mahesabu. Mwaka wa tatu yeye mwenyewe alinipigia Julai.

Nirudi kwenye maelezo ya kiufundi, maana hapo ndipo nilipojifunzia kwa maumivu.

Tulihitaji mashine ya boti. Watumishi wetu wanatoa huduma vijiji vya mwambao, na mashine ya zamani ilikuwa imechoka. Idara ikaleta maelezo kurasa tatu, yamepangwa vizuri: nguvu ya farasi 40, tanki la nje, dhamana ya mwaka mmoja, kitabu cha maelekezo, hata rangi. Baadaye ndipo nilipojua yalinakiliwa kutoka kwa taasisi nyingine, ya pwani, yenye boti tofauti na yetu. Mimi niliyasoma, nikayaona yamekamilika, nikayapitisha. Saini yangu ipo.

Mzabuni wa Dar es Salaam akashinda kwa bei nzuri, akaleta mzigo ndani ya muda. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ikafungua boksi, ikalinganisha kila mstari na mkataba, ikapokea. Siku ya kuijaribu tulikwenda Kibirizi, ufukweni. Fundi aliifunga mashine nyuma ya boti, akaiwasha, ikaitika mara moja. Boti likatoka kama hatua hamsini, likaanza kupiga kelele ya ajabu, ile ya kitu kinachozunguka bure, na mwendo ukafa. Fundi akazima. Akaruka majini, maji yakamfika kiunoni, akapitisha mkono chini ya boti, akapima kwa shibiri kutoka ukingo wa nyuma hadi kwenye pangaboi. Akanigeukia.

"Dada, mguu wake mfupi."

Mashine za boti zina urefu wa mguu. Upo wa inchi 15, upo wa inchi 20, upo na wa inchi 25, na unaochukua unategemea kimo cha ule ubao wa nyuma unapoifunga. Boti letu lilihitaji 20. Tulichonunua kilikuwa cha 15. Pangaboi lilikaa juu mno, likawa linachota hewa badala ya kusukuma maji. Katika kurasa tatu za maelezo, zenye rangi na kitabu cha maelekezo, urefu wa mguu haukuandikwa popote.

Nilimpigia mzabuni siku ile ile. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanisomea mkataba. Alikuwa na haki. Alileta tulichoandika. Mwishowe alikubali kuibadilisha, nasi tukabeba usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na tofauti ya bei, na hapo alitufanyia uungwana, angeweza kukataa. Wiki tisa boti lilikaa mchangani. Wiki tisa tulikodi boti za watu kwenda vijijini, kwa bei ya siku hiyo hiyo, na safari mbili za kusini ziliahirishwa. Ukizijumlisha gharama zote hizo juu ya bei ya mashine, tungeweza kununua mashine moja na nusu. Hakuna aliyeiba hata senti.

Yule fundi wa Kibirizi hajasoma ununuzi, lakini angetuambia kwa dakika tano. Hatukumwuliza. Siku hizi kabla ya kutangaza kitu chochote cha kiufundi tunamtafuta mtu anayekifunga, kukiendesha au kukitengeneza, ambaye yeye mwenyewe hataomba zabuni ile, tunamlipa posho ya siku, anasoma maelezo yetu kwa sauti mbele ya idara. Kwa sauti. Maelezo yaliyonakiliwa yanajulikana yakisomwa kwa sauti. Aliyeyaleta anakwama kwenye maneno asiyoyajua. Na mahali pa kufikishia mzigo hatuandiki tena "Mkoa wa Kigoma". Tunaandika kijiji, tunaandika kama ni kwa boti, na nani atapandisha mzigo kutoka ufukweni. Hilo nalo tulifundishwa na lori lililosimama mjini siku tatu, dereva analala chini ya turubai, kwa sababu bosi wake alisoma Kigoma akaelewa stendi, nasi tulimaanisha Kalya.

Nikifikiria habari ya mzigo kufika na kutofika, huwa naikumbuka MV Liemba. Kila mtoto aliyekulia hapa anajua meli ile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli iliyofika Kigoma 1914. Ikaungwa upya hapa hapa, ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilikuwa meli ya wakoloni, ikapigana vita visivyokuwa vyetu, na siisifii hilo. Lakini kwa jicho la kazi yangu kuna jambo moja linanigusa kila mara: kiwanda kilituma mafundi watatu waje na yale masanduku. Kilijua kwamba masanduku 5,000 bandarini si meli. Mwaka 1916, ilipobidi waizamishe wenyewe isitekwe, injini zilipakwa grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ilirudi kazini ikiwa na jina la Liemba. Mtu aliyepaka ile grisi alikuwa anafikiria siku ambayo asingekuwepo. Mikataba yetu mingi inaishia kwenye hati ya kupokelea mzigo, kama vile kazi ya kitu inakoma siku ya kukitoa kwenye boksi. Vipuri hatuviandiki, wala mafunzo ya atakayekitumia, wala nani atakuja kikiharibika Kagunga.

Kuna watu huniuliza kuhusu mfumo, kama umesaidia. Umesaidia sana. NeST, huo mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ilipoanza Julai 2023 nilikuwa miongoni mwa waliokesha kujifunza. Zamani bahasha ya zabuni ingeweza kuchelewa kwa sababu basi limeharibika Kaliua. Ingeweza pia kuchelewa kwa sababu mtu kaiweka droo. Leo saa ya kufunga ikifika imefika, na mfanyabiashara wa Mwanga na wa Kariakoo wanaona tangazo kwa wakati mmoja. Ila mfumo unaona mpaka kwenye mkataba. Mzee anayesubiri malipo hauoni kwa jicho lile lile, na yeye akijifunza kutokuja tena haandiki sababu. Anaacha tu kuomba.

Hilo la kuacha kuomba ndilo lililonikosesha usingizi, na nitalisema ingawa bado linanichoma.

Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nililipenda sharti hili tangu siku ya kwanza. Nilikwenda mwenyewe Gungu, Katonga, Mwandiga, nikiwahamasisha akina mama wajisajili. Kikundi kimoja cha mafundi cherehani kilinisikiliza. Walikuwa na mkopo wa halmashauri na vyerehani vinne. Wakaingia, wakashinda zabuni ya mashuka na mapazia ya nyumba yetu ya wageni. Walishona vizuri, mishono imenyooka, pindo limekunjwa mara mbili. Walileta siku mbili kabla ya tarehe.

Mkataba ulisema tulipe ndani ya siku 30. Mjumbe mmoja wa kamati ya ukaguzi na mapokezi alikuwa likizo, hati ikamsubiri asaini. Aliporudi, ankara ikaonekana ina kosa la jina la taasisi, ikarudishwa, na hakuna aliyewapigia simu kuwaambia. Ilipokuja sahihi, kifungu cha bajeti kilikuwa kimekauka. Juni ikapita, deni likavuka mwaka, likabidi liombewe upya. Walilipwa siku ya 147.

Kabla ya hapo, kwenye siku ya 90 na kitu, mwenyekiti wao alikuja ofisini. Alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, hakumsumbua mtu. Nilipotoka saa sita ndipo nilipomwona. Alisimama, akanisalimia vizuri, akaniuliza afya ya mama. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, cherehani kimoja tumeshauza, marejesho ya mkopo yalifika. Nauliza tu, tuuze na cha pili?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyemfuata nyumbani kwake nikamwambia serikali ni mteja wa uhakika.

Mwaka uliofuata tulitangaza tena mashuka. Nilifungua orodha ya walioomba, nikapitisha kidole kwenye kioo jina moja baada ya jingine. Hawakuwemo. Walioomba walikuwa wawili, na bei zao zilikuwa juu sana ya ile ya akina mama. Tukamchukua wa chini, kwa mujibu wa sheria, na faili likapita ukaguzi bila hoja hata moja.

Baada ya hapo nilianzisha daftari. Daftari la kawaida la kaunta, mistari myekundu, lililopo juu ya meza yangu hadi leo. Kila ankara inayoingia inaandikwa siku yake ya kwanza, na kila Jumatatu nahesabu: hii iko siku ya 4, hii ya 11, hii ya 19. Ikifika 20 napanda mwenyewe juu kwa mhasibu mkuu, siandiki dokezo. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ina wajumbe mbadala ili likizo ya mmoja isifunge mlango. Ankara yenye kosa, kijana wangu anapiga simu saa hiyo hiyo. Na mkataba haupelekwi kusainiwa kabla sijaiona fedha yake imetengwa kwenye mfumo wa malipo, hata kama anayeuomba ana cheo gani. Hili la mwisho lilinigombanisha na watu. Mwenzangu mmoja wa fedha aliniuliza tangu lini mimi ni wakili wa wafanyabiashara. Nilimwambia mimi ni wakili wa bei.

Vilevile kila Julai tunawaita wafanyabiashara ukumbini, wote wanaotaka kuja, tunawaambia ukweli wa mwaka: tutanunua nini, lini, na fedha za fungu gani huwa zinachelewa. Mara ya kwanza walikaa kimya, wakidhani wanategwa. Mwaka jana zabuni ya shajala, iliyokuwa ikipata waombaji wawili, ilipata saba. Bei ilishuka. Haikushuka hadi kuwa ya dukani, na sitegemei ishuke mpaka huko, lakini ilishuka bila mimi kumbembeleza mtu.

Akina mama wa cherehani bado hawajarudi. Nilikwenda kuwasalimia mwezi Machi. Wanashona sare za shule, wana vyerehani vitatu. Walinikaribisha chai na vitumbua, tukazungumza habari za watoto. Zabuni hawakuigusa, nami sikuigusa.

Kile kipande cha boksi nilimwomba mzee siku ile ile, nikakigongomea ukutani ofisini, upande anaoangalia mgeni. Vijana wapya wa kitengo ndicho wanachosoma kwanza kabla ya kanuni. Wiki iliyopita mzee mwenyewe alikuja kuleta ankara ya saruji na nondo. Akakiona. Akacheka kidogo, akaomba kalamu.

Mstari wa pili, wa nenda rudi, aliukata wote. Alisema kijana wake hajaja kufuatilia chochote kwetu tangu Januari. Kwenye mkopo alifuta miezi sita akaandika mmoja. Makato aliyaacha, hayo yako juu ya uwezo wangu na wake, ingawa hati za makato sasa tunampa pamoja na malipo. Akaufikia wa nne, ule wa moyo. Akashusha kalamu.

"Huu nauacha, mwanangu."

Nikamwuliza mbona, na malipo anayaona yanatoka.

"Wewe ukihamishwa je?"

Alikunywa maji, akaaga, akaondoka. Nimekaa na swali lake wiki nzima. Daftari ni langu, mbio za Jumatatu kwenda juu ni zangu, wajumbe mbadala niliwaomba kwa mdomo. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa mahali. Kesho kutwa ni Jumatatu. Nikimaliza kuhesabu ankara nitaanza kuandika waraka, kurasa mbili au tatu, wenye siku za kila hatua na cheo cha anayewajibika, nimpelekee afisa masuuli ausaini. Kisha nitapiga nakala moja nimpelekee mzee dukani.